KABLA HUJANUNUA KOPO LA VITAMINI: ORODHA YA PROFESA FAWZI

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu, na kina baba mnaosoma kimya kimya bila kuandika chochote. Nawaona.

Wiki hii kliniki wanawake wanne wameniuliza swali moja: "Sista, ninunue vitamini gani?" Wa tano hakuuliza, maana alishanunua. Alitoa kwenye mkoba kopo kubwa jeupe, akasema kaletewa na dada mmoja wa kikoba chao, ni dozi ya mwezi mmoja, na hela iliyonunulia ni ile aliyokuwa anaiweka pembeni kwa ajili ya kujifungua. Mimba ina miezi mitano. Fefo za bure tulizompa mwezi uliopita ziko nyumbani juu ya kabati, hazijaguswa, kwa sababu aliambiwa "hizo za serikali hazina nguvu".

Nikaligeuza lile kopo nikasoma nyuma. Kulikuwa na vitamini A aina ya retinoli, na ukijumlisha vidonge vinavyotakiwa kumezwa kwa siku unavuka yuniti 10,000. Hicho ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema mjamzito asikipite kwa siku, kwa sababu vitamini A ikizidi mwilini mwa mama inaweza kumdhuru mtoto anayejengeka tumboni. Sasa hapo mama wa watu ametoa hela ya kujifungulia kununua kitu kinachoweza kumuumiza, na kidonge anachokihitaji kweli kinapigwa vumbi kabatini.

Jina la kopo sitalitaja, msinitafutie inbox. Likiondoka hilo litakuja jingine. Ninachotaka leo ni kuwaeleza habari za mtu mmoja ambaye ametumia zaidi ya miaka thelathini kuuliza swali lenu hilo hilo, na majibu yake mengi ameyapata kwa wanawake wa Tanzania. Anaitwa Wafaie Fawzi. Ni mzaliwa wa Sudan, alisomea udaktari Khartoum, akaenda Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani na akawa profesa huko huko. Tafiti zake kubwa amezifanya Dar es Salaam pamoja na wataalamu wa Muhimbili, akiwemo Profesa Gernard Msamanga, ambaye jina lake utalikuta karibu na la Fawzi tangu miaka ya 1990.

Kwa nini nawaletea mtu wa vitabu? Kwa sababu muuza kopo atakupa ushuhuda. "Shemeji yangu alitumia, mtoto akazaliwa kilo nne." Mtafiti yeye kila anachokifanya lazima akiandike, wenzake wakikague, kichapishwe, na kibaki pale miaka yote hata kama kinamwaibisha. Ukikusanya alichoandika Fawzi kuanzia 1992 mpaka sasa unapata orodha ndefu sana, na ukiisoma kwa utulivu utaona jambo ambalo kwenye biashara ya virutubisho hulikuti: sehemu nyingi imeandikwa "haikusaidia". Sehemu moja imeandikwa "imedhuru". Na mimi nesi wenu nasema ndiyo maana nikiona ameandika "imesaidia" namwamini.

Tuanzie Sudan. Mwaka 1992, kwenye jarida la Lancet, timu aliyokuwemo Fawzi ilitoa matokeo ya watoto 28,753 wa kuanzia miezi tisa hadi miaka sita. Nusu walipewa vitamini A kila baada ya miezi sita, nusu walipewa kidonge kinachofanana nacho ambacho hakina vitamini A. Wakahesabu vifo. Hakukuwa na tofauti. Fikiria kazi ile yote, watoto karibu elfu ishirini na tisa, jibu likawa hapana.

Mtu mwingine angeishia hapo na kutangaza kwamba vitamini A ni bure. Mwaka uliofuata, 1993, Fawzi na wenzake wakachukua tafiti zote za aina hiyo zilizokuwepo duniani wakati ule, na ule wao wa Sudan ukiwemo, wakaziweka kwenye mzani mmoja. Jibu likageuka. Kwa jumla, watoto waliopewa vitamini A walikufa pungufu kwa karibu asilimia 30. Yaani utafiti wake mwenyewe ulisema hivi, tafiti zote kwa pamoja zikasema vile, na yeye akaandika kile ambacho zote kwa pamoja zilisema. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda huyu mzee.

Na hakuwaacha wale watoto wa Sudan. Aliangalia pia walikuwa wanakula nini nyumbani, akakuta waliokula zaidi vyakula vyenye vitamini A ndio waliokufa kidogo. Huko Sudan. Hapa kwetu tafsiri yake ni papai, embe, mchicha, matembele, na viazi vitamu vile vya njano ndani ambavyo tunaita viazi lishe. Bibi yako wa Misungwi anayeanika nsansa kwa ajili ya kiangazi hajasoma Lancet, ila mboga za majani anazihifadhi.

Kwa hiyo mwezi wa sita na wa kumi na mbili ukisikia gari la matangazo linapita Buhongwa au Igombe linaita watoto wa miezi sita hadi miaka mitano waje kupata matone ya vitamini A, mpeleke mtoto. Kile kidonge cha bluu ni cha wa miezi sita hadi kumi na moja, chekundu ni cha wa mwaka mmoja na kuendelea. Hatukukitoa kichwani, nyuma yake kuna watoto wengi waliohesabiwa.

Kesho naendelea na wajawazito. Hapo kuna mambo.

SEHEMU YA 2

Nimerudi. Jana mmoja wenu ameniandikia: "Sista, wanajuaje kama ni vitamini iliyosaidia? Labda waliopewa walikuwa wanakula vizuri tu." Swali zuri kuliko maswali mengi niliyowahi kuulizwa semina.

Fikiria mchezo wenu wa hela. Mnapopanga nani apokee mwanzo mnaandika namba kwenye vikaratasi, mnavikunja, kila mtu anachota. Hakuna anayempendelea mwenye nyumba nzuri. Utafiti wa namna hii unafanywa hivyo hivyo. Kura ndiyo inayoamua nani apate kidonge chenye vitamini na nani apate kinachofanana nacho kisicho na kitu. Mama hajui alichopata. Nesi anayempa hajui. Anayempima mtoto uzito akizaliwa hajui. Mpaka mwisho ndipo siri inafunguliwa. Wakiwa wengi, wenye kula vizuri na wenye kula vibaya wanagawanyika pande zote mbili, na tofauti itakayobaki unaweza kusema ni ya kidonge.

Sasa turudi Dar es Salaam mwaka 1995. Wenye umri wangu mnakumbuka miaka ile. VVU ilikuwa imejaa wodini na ARV kwa wanawake wetu wa kawaida hazikuwepo. Kati ya 1995 na 1997 Fawzi, Msamanga na wenzao waliandikisha wajawazito 1,075 wenye VVU. Wengine walipata mchanganyiko wa vitamini za B, C na E, wengine vitamini A, wengine vyote, wengine kidonge kitupu. Matokeo ya kwanza yalitoka 1998 kwenye Lancet. Kwa waliopata mchanganyiko, watoto waliofia tumboni walikuwa 30. Kwa ambao hawakuupata walikuwa 49. Na watoto waliozaliwa na uzito pungufu, yaani chini ya kilo mbili na nusu, walipungua kwa karibu asilimia 44.

Mwaka 2004 wakatoa mengine kuhusu wale wale kina mama, safari hii kwenye New England Journal of Medicine. Waliokuwa kwenye mchanganyiko wa vitamini, karibu 25 kati ya kila 100 walifika hatua ya mwisho ya ugonjwa au walifariki. Waliopata kidonge kitupu, 31 kati ya 100. Kwa wakati ambao hakukuwa na dawa, hiyo ilikuwa nafasi ya kupumua.

Lakini katikati ya hayo mawili kuna la 2002, na hili ndilo nataka mlisome taratibu. Vitamini A. Ile ile iliyookoa watoto kwenye hesabu ya 1993, ile ambayo kila mtu alitegemea ingepunguza maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Ilifanya kinyume. Watoto wa kina mama waliopewa vitamini A waliambukizwa zaidi, kwa karibu asilimia 38, kuliko wa kina mama ambao hawakupewa. Na wakaiandika, na jina la Fawzi likawekwa mwanzoni kabisa.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana najua baadhi yenu mtaanza kuogopa matone ya watoto. Hapana. Matone ya mtoto wa miezi sita na kuendelea ni jambo jingine kabisa, tumelimaliza jana. Na kwa mama mwenye VVU leo, dawa ndiyo inayomlinda mtoto. Meza ARV zako kila siku, njoo tupime wingi wa virusi, mlete mtoto kwa vipimo vyake kwa tarehe uliyopewa. Hali ya 1995 si ya sasa. Ninachowaonyesha ni kwamba kitu kimoja kinaweza kumwokoa mtoto wa miaka miwili na kumdhuru aliye tumboni kwa mama mwenye hali fulani. Anayekuuzia kopo la "vitamini kwa familia nzima" amewajumlisha nyote, wewe na baba watoto na kichanga.

Kuna mama mwingine amenitumia ujumbe, sauti yake nimeisikia hata kwa maandishi: "Kwa hiyo walitufanya panya?" Sitamcheka. Ni haki yake kuuliza. Mimi nikisoma utafiti wowote uliofanywa kwa watu wetu nauliza, je, waliulizwa wakakubali? Waliulizwa, na kamati za maadili za hapa na za Marekani zilipitia. Je, aliyeangukia kidonge kitupu alinyimwa huduma ya kawaida? Hakunyimwa, na hili nitalirudia kesho kwa sababu ni muhimu kuliko mnavyodhani. Na je, majibu yaliturudia? Hapa ndipo sina furaha. Majarida ni ya Marekani na Uingereza, lugha ni Kiingereza cha kitaalamu, na yule mama wa Temeke au Ilala aliyetoa damu yake na kuhudhuria kliniki kila mwezi, aulize wapi? Kama Watanzania elfu kadhaa wamechangia kuleta jibu, jibu hilo lingestahili kubandikwa kwa Kiswahili kwenye ukuta wa kila kliniki, pembeni ya lile bango la dalili za hatari. Mimi nabandika hapa Facebook kwa sababu ndio ukuta nilionao.

SEHEMU YA 3

Wengi wenu hamna VVU na mnauliza, "Na mimi je?" Haya. Hii ndiyo sehemu yenu.

Mwaka 2007 lilitoka jibu la wajawazito 8,468 wa Dar es Salaam ambao hawakuwa na VVU. Kura ile ile, mchanganyiko wa vitamini upande mmoja, kidonge kitupu upande wa pili. Waliopata vitamini, waliozaa mtoto wa uzito pungufu walikuwa asilimia 7.8. Wale wengine, asilimia 9.4.

Ngoja tuitafune hii, maana hapa ndipo mnapodanganywa. Muuza kopo akiipata ataandika kwa herufi kubwa: INAPUNGUZA UZITO PUNGUFU KWA ASILIMIA 18! Na hajasema uongo, ukigawanya ndivyo inavyotoka. Sasa mimi nakueleza namba ile ile kwa lugha ya wodini. Chukua kina mama 1,000 wa kidonge kitupu: 94 watazaa mtoto mdogo. Chukua 1,000 wa vitamini: 78. Kwa hiyo watoto 16 wamenusurika. Wengine wote, zaidi ya 900 kila upande, wangezaa mtoto wa uzito mzuri hata bila hicho kidonge, na 78 wamezaa mtoto mdogo pamoja na kukimeza. Ni faida ya kweli. Kwa mkoa mzima wenye maelfu ya wanaojifungua kila mwezi ni watoto wengi sana, na ndiyo maana mimi nataka serikali igharamie. Lakini kwa mama mmoja mmoja, hiyo si faida ya kuuzia kitenge au kuvunja akiba ya kujifungua. Na kwa mtoto njiti na mtoto kufia tumboni, kwa hawa kina mama wasio na VVU, tofauti haikuonekana. Waliandika hivyo hivyo.

Halafu kuna jambo ambalo ukilisoma haraka linakupita. Wale kina mama 8,468 wote, waliopata vitamini na waliopata kidonge kitupu, walipewa madini ya chuma na foliki asidi. Yaani fefo. Wote! Vitamini zilijaribiwa JUU YA fefo. Hakuna aliyejaribu kumwambia mjamzito aache fefo ameze vitamini. Kwa hiyo dada wa kikoba anaposema "achana na hizo za serikali, tumia hizi", hata ule utafiti unaomtetea kwa mbali unamkataa kwenye hilo.

Najua kwa nini mnaziacha. Zinatia kichefuchefu, choo kinakuwa cheusi, na wapo wanaoamini mtoto atakuwa mkubwa mpaka ashindwe kupita. Choo cheusi ni kawaida, ni chuma inatoka. Kichefuchefu, meza usiku ukienda kulala. Usimeze na chai, chai inazuia chuma isiingie mwilini. Tumia maji, au kula chungwa. Na mtoto hawi jitu kwa sababu ya fefo. Damu ndiyo itakayokuwa ya kutosha siku ukijifungua, na siku hiyo mama mwenye damu saba na mama mwenye damu kumi na moja wakivuja kiasi kile kile, mimi nesi najua ninayemkimbilia na chupa ya damu ni yupi.

Turudi kwenye orodha, sasa naenda haraka. 2010: wakauliza, vitamini nyingi zina faida kuliko kipimo cha kawaida? Wakajaribu kwa wajawazito wenye VVU. Kipimo kimoja cha siku kilifanya kazi sawa na vipimo vingi. 2012: watu 3,418 wanaoanza ARV Dar es Salaam, wengine vitamini za kipimo kikubwa, wengine za kawaida. Za kipimo kikubwa hazikuongeza faida, na vipimo vya ini vikaanza kupanda kwa baadhi yao, utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Mnaona? Ini. Lile kopo langu la Jumanne lilikuwa limeandikwa "nguvu mara kumi".

2015 wakageukia vichanga. Huu ulifanywa Dar es Salaam na Morogoro kwa pamoja na Taasisi ya Afya Ifakara, na jina la kwanza kwenye karatasi ni la Dkt. Honorati Masanja. Watoto 31,999 walipewa matone siku ile ya kuzaliwa au siku mbili zinazofuata, nusu ya vitamini A, nusu matupu. Wakafuatiliwa. Vifo vilikuwa 26 kwa kila watoto 1,000 kwa waliopata vitamini na 24 kwa ambao hawakupata, tofauti ndogo ambayo inaweza kuwa bahati tu. Kwa kifupi, haikusaidia. Kwa hiyo ukiniuliza mbona kichanga chako hatukipi matone wakati wa kuruhusiwa wodini, jibu ni hilo. Chake ni maziwa yako, yale ya kwanza ya njano kabisa, na matone yanasubiri miezi sita.

Na Januari 2024, kalsiamu. Hii inahusu kifafa cha mimba, ugonjwa ambao kila nesi wa wodi ya wazazi anauogopa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa likishauri gramu moja na nusu hadi mbili kwa siku kwa wajawazito wa sehemu ambazo chakula hakina kalsiamu ya kutosha. Ni vidonge vitatu au zaidi, vikubwa kama chaki, juu ya fefo. Nani atavimeza? Fawzi na watafiti wa India wakachukua wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza Bangalore na 11,000 Dar es Salaam, wakalinganisha miligramu 500 na 1,500. Kwa kuzuia shinikizo la damu la mimba linaloleta kifafa, kidogo hakikupitwa na kikubwa: Tanzania asilimia 3.0 kwa waliopata 500 na 2.7 kwa waliopata 1,500; India 3.0 na 3.6. Kidonge kimoja badala ya vitatu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya dawa iliyo kwenye mwongozo na dawa inayomezwa kweli.

SEHEMU YA 4

"Sista, kila kitu Dar, Dar, Dar. Sisi wa huku ziwani hatuna watafiti?" Tunao jamani. Kituo cha utafiti cha NIMR kipo hapa hapa Mwanza, na orodha yake ya lishe na magonjwa nayo ndefu.

Mwaka 2006 Nyagosya Range na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 530 wa kifua kikuu wa Mwanza waliopewa madini na vitamini wakati wa matibabu. Kwa jumla, vifo havikupungua kwa namna inayoweza kutegemewa. Mwaka 2011 George PrayGod, naye wa NIMR Mwanza, akaonyesha kwamba vitamini na madini viliwaongezea wagonjwa wa TB uzito na nguvu ya mkono, ila kwa wale tu wasio na VVU. Kisha yeye na wenzake wa Lusaka na London wakafanya ule mkubwa: wagonjwa 1,815 wa Mwanza na Lusaka, waliokonda sana, wanaoanza ARV. Wote walipata chakula maalumu cha mafuta na karanga, nusu kikiwa kimeongezewa vitamini na madini mengi. Vifo vikawa karibu sawa pande zote mbili. Baadaye PrayGod akahamia kwenye kisukari, ugonjwa ambao zamani tulidhani ni wa matajiri wa Capri Point na sasa tunaukuta hadi visiwani.

Soma hizo tatu na uweke pembeni ya zile za Fawzi. Mwanza na Dar, watu tofauti, magonjwa tofauti, na wimbo unakaribiana: vitamini humsaidia aliyepungukiwa, kwa kipimo cha kiasi, na mgonjwa sana hawezi kuokolewa na kopo.

Sasa maoni yangu, na mtu asinitafsiri vibaya. Siwaambii vitamini ni utapeli. Naona ule mchanganyiko wa vitamini na madini kwa wajawazito, ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021 na ndani yake kuna chuma na foliki pia, ungepaswa kuwa mezani kwangu, wa bure, kwa kila mama, kama fefo ilivyo. Ushahidi mwingine ulitokana na miili ya wanawake wa nchi hii. Ni haki yao kuwa wa kwanza kufaidi. Kinachonikera ni kwamba pale huduma ya umma inapochelewa, mwenye kopo anafika kwanza, anachukua maneno ya watafiti, anakata yale ya "haikusaidia" na "imedhuru", na anakuuzia yaliyobaki kwa bei ya kiwanja.

Kwa hiyo ukiletewa kopo, usigombane na dada wa kikoba, naye anatafuta riziki. Muulize lina vitamini A kiasi gani na ni ya aina gani. Hajui? Lilete kliniki nilisome mimi. Muulize utafiti uliofanywa kwa hilo kopo umeandikwa wapi, na kwa wajawazito au kwa wanaume wa jimu. Halafu muulize ni nani halimfai. Akijibu "linamfaa kila mtu", rudisha pochi yako mkobani.

Na chakula, mama. Umezaliwa pembeni ya ziwa. Dagaa anayeliwa mzima, kichwa na mifupa, ana kalsiamu na protini, na kipimo cha kopo pale Mwaloni hakifanani bei na kopo la vitamini hata kidogo. Wachague waliokauka vizuri, wasio na mchanga. Matembele ya nyuma ya nyumba, viazi lishe badala ya vile vyeupe msimu ukiruhusu, yai ukilipata, papai. Maini ni mazuri lakini yana vitamini A nyingi sana, kwa hiyo ukiwa mjamzito usiyageuze kuwa mboga ya kila siku. Na ule udongo mnaouita pemba, niliwaambia mwezi uliopita na nitasema tena, hamu yake mara nyingi inakwenda pamoja na upungufu wa damu. Njoo upime.

Yule mama wa miezi mitano amekubali kuliweka kopo pembeni. Fefo ameanza Jumanne usiku, na jana kanitumia ujumbe kwamba kichefuchefu kimepungua akimeza na kulala. Hela hajarudishiwa. Tumekubaliana aanze upya kuweka, elfu mbili elfu mbili, ana wiki kama kumi na nane.

Sehemu ijayo ni ya watoto wa miezi sita: uji, unga wa dagaa, na kwa nini uji wa "lishe" wenye nafaka saba unaweza kumuumiza tumbo. Andikeni maswali yenu mapema, Alhamisi nina zamu ya usiku nitayasoma.